Nirudie mstari mpaka unyooke, au nisonge mbele?

MUULIZE FUNDI

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi kuliko kawaida na karibu zote zinauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, yaani mtu ameanza kujifunza kuchora, mazoezi anayo, ila hajui afanye mangapi, kwa muda gani, na lini aseme hili basi nakwenda lingine. Nimechagua tano. Wengine mnisamehe, nafasi yenyewe ndo hii. Yule wa Ruangwa aliyetuma picha 14 za mbuzi, nimeziona zote, yule wa tisa ndo mbuzi.

*Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa miaka 24 nipo Chuno hapa Mtwara, nafanya kazi duka la vifaa vya simu mjini. Nimeanza kujifunza kuchora kwa kozi ya bure ya mtandaoni inaitwa Drawabox. Mwanzoni kabisa kuna zoezi la mistari, unapiga mstari kwa rula af unaupitia mara nane kwa mkono mtupu, wanataka kurasa mbili. Sasa mi hii wiki ya sita nipo hapo hapo, maana mistari yangu ikifika mwisho inatawanyika kama ufagio wa chelewa. Nimemaliza kaunta buku zima. Nimejiapiza siendi zoezi la pili mpaka inyooke. Niko sahihi au najichelewesha?*
*Ufagio, Chuno*

Marahaba mwanangu. Unajichelewesha, tena sana, na nakwambia hivi nikiwa nakupenda.

Wenyewe wamekwambia kurasa mbili. Mbili, sio kaunta buku. Unadhani waliposema mbili walikuwa hawajui kwamba ukimaliza hizo mbili mistari yako itakuwa bado inatawanyika? Wanajua vizuri tu. Lile zoezi halikuwekwa pale kama mtihani wa kidato cha nne kwamba usipofaulu hupandi, limewekwa ili likukutanishe na kosa lako, ulione, ulijue kwa sura, halafu uondoke nalo uende nalo zoezi la pili na la tatu na la kumi, maana huko mbele nako ni mistari hiyo hiyo. Boksi ni mistari 12, ukichora maboksi kumi umeshapiga mistari 120, tena ya kila upande na kila urefu, wakati wewe wiki sita zote umepiga ya aina moja ukiwa umekaa vile vile meza ile ile. Utakuwa bingwa wa ukurasa huo. Siku ukitaka kuchora mlingoti wa ngalawa iliyoinama, mkono utakuwa kama wa mgeni.

Mi nimelelewa kimakonde, na kwetu mjomba ndo mwenye sauti juu yako. Mjomba wangu alikuwa anachonga mpingo pale Mikindani, akanipa kazi ya mipini ya miiko. Siku ya kwanza nimekaa na mpini mmoja tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, nasugua, natazama, nasugua, nataka uwe kama wa kwake. Akaja akauchukua, akaugeuza mara moja, akautupa kwenye kikapu. Nikasema mjomba haujaisha. Akasema umeisha, mbaya lakini umeisha, leta mti mwingine. Nilichonga 12 wiki ile. Ijumaa akatoa ule wa kwanza akaulaza pembeni ya ule wa 12, akaenda zake kunywa chai bila kusema neno, akaniacha nimekaa na mipini yangu miwili.

Sasa tufanye hivi. Kesho funga hilo kaunta buku. Anza zoezi la pili, lile la kuweka nukta mbili, unapitisha peni hewani juu ya karatasi mara kadhaa mpaka bega lijue njia, ndo unaishusha unapiga mara moja bila kusita. Kwenye kila zoezi fanya kiasi walichosema, usizidishe hata nusu ukurasa, andika tarehe pembeni, songa.

Lile la zamani huliachi lakini. Linahamia kwenye kupasha. Kabla hujaanza kazi yoyote ya kuchora unachukua dakika 10 mpaka 15, unaokota mazoezi mawili matatu ya nyuma yoyote yale, leo mistari na duaradufu, kesho maboksi, kesho kutwa mistari tena, unayafanya kidogo kidogo kama timu inavyopasha uwanjani kabla ya filimbi. Hapo ndo mistari itakaponyooka, na hutajua imenyooka lini. Utakuja kufungua kurasa za mwanzo miezi minne baadaye ushangae ni nani huyu aliyekuwa anachora hivi.

Najua utauliza, kwa hiyo nisirudie kabisa? Hapana, kuna kurudia kwa haki. Tofautisha mstari mbaya kwa sababu mkono bado mchanga, na mstari mbaya kwa sababu hukufuata maelekezo. Huo wa kwanza uache, muda utaufanyia kazi. Huo wa pili, kwa mfano ulikuwa unachora kwa kifundo cha mkono badala ya bega, au ulikuwa unafukuzia basi, rudia. Ukurasa mmoja tu. Na hilo la bega naomba ulichunguze, maana ufagio unaousema mara nyingi unatoka hapo. Kifundo kinafika mbali kidogo tu halafu kinajipinda, kwa hiyo mstari mrefu lazima ukukimbie mwishoni. Mkono mzima utembee kuanzia begani kama mtu anayepaka chokaa ukutani. Halafu usiende polepole huku unaufukuzia ule wa rula kwa macho, ukifanya hivyo unatetemeka, unapata mstari wenye nywele. Nenda kwa mwendo wa kujiamini, ukikosa nukta umekosa. Kwanza uwe laini, kulenga kutakuja nyuma yake.

Kuna kitu kimeniuma kwenye meseji yako kuliko hata kaunta buku. Wiki sita hujachora kitu chochote? Hata kikombe? Kozi yako hiyo hiyo ina sheria ya nusu kwa nusu, nusu ya muda wako wote wa kuchora uwe wa kuchora unachopenda, bila sababu, hata kikiwa kibaya, na wameiweka mwanzoni kabisa kabla ya mistari, sijui wewe uliirukaje. Watu wanaiona kama peremende ya kumbembeleza mtoto. Sio peremende. Mazoezi matupu bila kuchora kitu yanakausha moyo, na kibaya zaidi yanakutengenezea woga, unaanza kuogopa kuchora kitu halisi kwa sababu hujawa tayari, na huo utayari ukiusubiri hauji. Kama una saa moja usiku, dakika 10 pasha, 20 zoezi jipya, 30 zako. Siku ya mapumziko shuka Shangani au kaa pale wanaposubiri kivuko cha Msangamkuu, chora ndoo, chora baiskeli, chora yule mama aliyesinzia na beseni lake. Zikitoka kama viazi, ni viazi vyako.

*Habari fundi. Mi karani wa ghala kwenye AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, huku Newala. Kuanzia msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi mi sina maisha, natoka asubuhi narudi usiku mpaka mwaka mpya huko. Nimechora kila siku tangu mwezi wa tano na naona mabadiliko. Naogopa nikiacha miezi mitatu nitarudi sifuri. Je nikazane saa nyingi sasa hivi kabla msimu haujaanza ili niwe na akiba?*
*Karani*

Akiba ya mkono haiwekwi ghalani, ndugu yangu. Ingekuwa hivyo mi ningechora mwezi mmoja kwa mwaka halafu nikalala.

Kuna Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitoa utafiti wake wa kumbukumbu, alijifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na moja ya vitu alivyoviona ni kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali yanashika kuliko marudio mengi yaliyorundikwa kwa mkupuo. Mkono nao ni hivyo hivyo, tena mkono unahitaji na usingizi, vile ulivyohangaika navyo jioni vinajipanga ukiwa umelala, asubuhi unashangaa kitu kilichogoma jana kimekubali. Ndo maana dakika 15 kila siku zinamshinda yule wa saa mbili za Jumapili. Kwa hiyo kukazana saa nne kila siku mwezi wa tisa utaambulia uchovu na kuichukia kalamu.

Msimu ukianza punguza, usikate. Dakika tano. Nimesema tano, usiniletee mahesabu ya kumi ukashindwa siku ya tatu ukajilaumu. Tena mazoezi ya kujifunza kitu kipya weka pembeni kabisa, huu ni muda wa kutunza tu, mistari kadhaa, duaradufu kadhaa, umemaliza, lala.

Halafu ndugu yangu wewe unakaa kwenye utajiri hujui. Kibarua anayebeba gunia la korosho anakupa mgongo ambao watu wa mjini wanautafuta kwenye picha. Kuna zoezi la michoro ya haraka, sekunde 30 mpaka dakika mbili kwa mtu mmoja, huchori sura wala vidole, unakamata tu uzito umeenda wapi, mgongo umepinda vipi, mguu upi umebeba. Pale kwenye mzani huhitaji hata kuweka taima, kibarua mwenyewe ndo taima, akishatua gunia muda wako umeisha. Matatu kwa siku yanatosha. Rundo la magunia nalo ni maboksi yaliyolegea, chora. Ila kwa jina la Mungu usichore nyuma ya stakabadhi, nawafahamu wachoraji.

Ukitulia mwezi wa kwanza usirudi somo la kwanza kuanza upya, hiyo ni adhabu isiyo na kosa. Pasha wiki moja kwa yale ya nyuma, kisha endelea pale pale ulipoishia. Jumapili ya kwanza ya uhuru nenda Shimo la Mungu ukachore lile bonde linaloshuka kuelekea Ruvuma, vilima vya mbali vinavyofifia vinakufundisha kina bila rula.

*Fundi salaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne nipo Mtanda, Lindi. Kijana wangu wa kidato cha pili amepatwa na wazimu wa kuchora, anapenda madainosaria na katuni za Kijapani. Sasa kuna kitu anasema ni maboksi 250 lazima ayamalize, juzi usiku kachora 90 mpaka saa nane, asubuhi shule haamki na mkono unamuuma anaufunga kitambaa. Nimzuie?*

Waaleikum salaam dada yangu. Usimzuie, mpunguzie mwendo. Na makaratasi usiyachome, najua yamejaa sebuleni.

Hayo maboksi 250 ni zoezi la kweli, linatoka kozi ile ile ya kijana wa Chuno hapo juu. Unachora boksi, kisha unachukua peni ya rangi nyingine na kurefusha mistari yake, uone ile inayotakiwa kuelekea pamoja kama inaelekea pamoja kweli. Kila boksi lina mafungu matatu ya mistari minne minne, na kila fungu lazima lisogeleane kwenda kwenye nukta moja huko mbali, vile vile ukisimama kwenye barabara iliyonyooka ya kwenda Mingoyo nguzo za umeme zinavyozidi kuwa fupi na kusogeleana mpaka zinapotelea. Sasa muulize mwanao swali moja tu, hayo 90 ulirefusha mistari? Akikuna kichwa ujue hajafanya maboksi 90, amefanya boksi moja lenye kosa mara 90, na kosa lililorudiwa mara 90 usiku mmoja linakuwa limeshajenga nyumba. Faida yote ya lile zoezi imekaa kwenye kurefusha, kwa sababu unaona ulipokosea leo na kesho unaliingilia boksi la kwanza ukiwa na akili hiyo. Kwa mkupuo huna kesho.

Ukurasa mmoja kwa siku, maboksi matano, anarefusha, anafunga. Ni siku 50, hata miezi miwili haifiki. Saa tatu usiku peni chini. Wiki ya mitihani asichore boksi hata moja, halitakimbia.

Mkono unaouma ni kusimama, hapo sina mjadala. Mara nyingi ni kwa sababu anaibana peni kama anaikaba na anachora kwa kifundo, nimeshalieleza bega huko juu, msomee. Apumzike kabisa mpaka maumivu yaishe, na yakiendelea siku kadhaa au vidole vikianza kufa ganzi mpeleke hospitali, msikae mnapaka dawa ya misuli mkitegemea miujiza.

Na hapo kwenye madainosaria ndo nimempenda. Mwambie yupo nyumbani kwao hasa. Tendaguru, kile kilima kilichotoa mifupa ya madainosaria, ipo mkoa huo huo wa Lindi, Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, wachukuzi wakawa wanabeba mifupa kichwani kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na yule mkubwa wao mwenye shingo ndefu amesimamishwa makumbusho ya Berlin, urefu wa kwenda juu unapita mita 13. Amchore. Kifua ni boksi, shingo ni mlolongo wa vigogo vinavyopungua unene, miguu nguzo nne. Siku moja moja, badala ya ukurasa wa maboksi, amchore mnyama huyo, ataona mwenyewe yale maboksi yalikuwa yanamtengenezea nini, na hutamsikia tena akisema lazima amalize usiku wa leo.

*We fundi unawachosha watu na mamistari yako. Tingatinga alisoma kozi gani? Mbona picha zake dunia nzima inazijua? Kipaji ni kipaji.*
*Masasi*

Umeniamsha. Haya. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, ni kweli hakusoma shule ya sanaa. Alianza kuchora picha zake Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwenye vibao vya hadibodi, akafariki 1972. Kama miaka minne tu. Lakini angalia, picha zile alikuwa anaziuza. Anayeuza lazima amalize, apige rangi, aweke ikauke, ashike kibao kingine, hana nafasi ya kukaa wiki sita na mstari mmoja. Kwa hiyo ukimleta Tingatinga unanisaidia mimi, ndugu wa Masasi, husaidii kaunta buku la yule wa Chuno.

Nikupe na haki yako pia. Chui wa Tingatinga hana pespektivu, yaani ule ujanja wa kuonyesha kipi kipo karibu na kipi kipo mbali, amelala bapa kwenye rangi, na uzuri wake upo hapo hapo. Mtu anayetaka kuchora hivyo maboksi 250 hayahitaji kabisa, na akiyafanya anapoteza muda, afanye machui 250. Zoezi linachaguliwa kwa kile unachotaka kuchora. Anayetaka nyumba za zamani za Mikindani zisimame na ziwe na kina, huyo ndo aje kwenye maboksi. Watu wengi naona wanabeba mazoezi ya mwenzao kwa sababu tu mwenzao anayo.

*Fundi peni ya biki inafaa au mpaka zile za gharama? Na mkono unatoa jasho karatasi inaloa, nifanyeje? Nipo Kilwa Masoko.*

Biki inafaa sana, mi ndo ninayotumia kwenye kupasha. Hao wa kozi wanapendelea zile peni za ncha nyembamba za wino, lakini kama stesheneri ya kwako haina usisubiri basi la Dar. Penseli kwenye mazoezi ya mistari siipendi, kwa sababu raba inakaa karibu na mkono unaanza kufuta, unafuta, ukurasa mmoja unakula saa nzima. Wino ukikosea umekosea, unakwenda mstari unaofuata.

Jasho weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, kisogeze kadiri unavyoshuka. Ukanda wetu huu unyevu mwingi, mwezi wa pili ndo usiseme, chora alfajiri kabla jua halijapanda. Kurasa zilizokwisha andika tarehe, zifunge kwa kamba, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Mi zangu za miaka miwili niliziacha kwenye boksi chini sakafuni, mchwa wakazimaliza zote wakaniachia majalada.